Wakala wa Stesheni na Opereta wa Telegrafu: Kazi, Lugha na Dhamana katika Reli za Marekani

Utangulizi

Msomaji wa leo anapolisikia neno "simu", jambo la kwanza linalomjia akilini ni kifaa kidogo cha mkononi. Hata hivyo, neno hili lina umri mkubwa kuliko kifaa chenyewe. Asili yake ni Kiajemi, ambamo lilihusishwa na uzi wa madini, yaani waya. Katika Kiswahili cha mwanzoni mwa karne ya 20, simu ilikuwa telegrafu na pia ujumbe uliotumwa kwa telegrafu kabla ya maana hiyo kuhamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliandamana na nyaya hizo. Kwa hivyo, reli na simu ni pacha waliosafiri pamoja kuelekea bara.

Upacha huo haukuanzia Afrika Mashariki. Nchini Marekani ulikuwa na zaidi ya miaka 50 kufikia wakati huo, na ulikuwa umezaa kazi mbili ambazo mara nyingi zilitekelezwa na mtu mmoja: uwakala wa stesheni na uopereta wa telegrafu. Makala hii inanuia kueleza kazi hizo: zilivyofanywa, lugha iliyotumiwa, hatari zilizoandamana nazo na namna zilivyotoweka. Hoja inayojengwa ni kwamba opereta wa telegrafu alikuwa mfanyakazi wa lugha kabla ya kuwa mfanyakazi wa mitambo. Usalama wa abiria ulitegemea neno aliloliandika, na dhamana hiyo haikulingana na ujira wala ulinzi aliopewa.

Chimbuko la uhusiano wa reli na telegrafu

Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilimtengea Samuel Morse dola 30,000 ili ajenge laini ya majaribio baina ya Washington na Baltimore, umbali wa takriban kilomita 60. Tarehe 24 Mei 1844, ujumbe wa kwanza rasmi ulipitishwa katika laini hiyo. La kuzingatia ni kwamba nyaya zilifuata njia ya reli ya Baltimore na Ohio. Reli ilikuwa tayari imefyeka msitu na kusawazisha ardhi; telegrafu ikapata pa kupitia.

Licha ya ujirani huo, miaka kadhaa ilipita kabla ya kampuni za reli kuitumia telegrafu kuongozea magarimoshi. Reli nyingi za Marekani zilikuwa za njia moja. Magarimoshi mawili yaliyoelekeana yaliweza kupishana tu mahali palipokuwa na njia ya kando. Ratiba ilieleza yapishane wapi na lipi limpishe mwenzake. Iwapo lililotarajiwa lilichelewa, lililokuwa likisubiri liliendelea kusubiri, pengine kwa saa nyingi, kwani hapakuwa na njia ya kujua mwenzake alikuwa wapi.

Mwaka 1851, Charles Minot, msimamizi wa reli ya New York na Erie, alichoshwa na kusubiri kwa namna hiyo. Akiwa katika stesheni ya Turner's, alituma ujumbe kwa telegrafu hadi Goshen akiagiza garimoshi lililotarajiwa lizuiliwe huko. Alipothibitishiwa kuwa halikuwa limefika na kwamba lingezuiliwa, aliamuru lake liondoke. Dereva alikataa katakata kuhatarisha maisha yake kwa sababu ya ujumbe wa waya. Inasimuliwa kuwa Minot aliliendesha garimoshi hilo mwenyewe, naye dereva akaenda kuketi katika behewa la nyuma kabisa. Walifika salama. Tukio hilo linatambuliwa kuwa chanzo cha amri za treni kwa telegrafu nchini humo.

Aidha, hofu ya dereva huyo haikuwa ya kipumbavu. Alikuwa akiulizwa ayaweke maisha yake mikononi mwa mtu asiyemwona, katika stesheni asiyoiona, kwa maneno asiyoweza kuyasikia. Swali lake ndilo lililoendelea kuikabili kazi ya opereta kwa zaidi ya karne moja.

Majukumu ya kila siku

Katika mji mdogo, wakala wa stesheni alikuwa kampuni nzima ya reli kwa macho ya wenyeji. Ndiye aliyeuza tiketi, kupokea mizigo, kuandika hati za shehena na kukokotoa nauli. Ndiye aliyepakia mikebe ya maziwa alfajiri, kuhesabu mifugo na kupokea majeneza ya waliofia mbali. Alizijaza taa za ishara mafuta, akawasha jiko la chumba cha abiria wakati wa baridi na kufagia sakafu. Katika stesheni nyingi aliishi humo humo pamoja na familia yake, ama ghorofani ama katika vyumba vya nyuma, hivi kwamba kazi na nyumba havikutenganishwa ila na mlango mmoja.

Isitoshe, wakala alikuwa mlango wa habari. Kwa kuwa alipokea pia telegramu za umma, alikuwa wa kwanza mjini kujua matokeo ya uchaguzi, bei ya nafaka na habari za kifo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, telegramu za serikali zilizowaarifu wazazi kuwa mtoto wao ameuawa zilifika katika miji mingi midogo kupitia dawati hilo. Aliyeipokea alimfahamu mama aliyeandikiwa, na pengine alikuwa amemkatia tiketi kijana huyo siku alipoondoka.

Saa nayo ilikuwa chini ya ulinzi wake. Kabla ya mwaka 1883 kila mji wa Marekani ulifuata saa yake kulingana na jua. Tarehe 18 Novemba 1883, kampuni za reli ziliigawa nchi katika kanda chache za saa, na mlio wa telegrafu ukawa ndio uliozilinganisha saa za stesheni. Bunge lilizipa kanda hizo nguvu ya sheria mwaka 1918. Kwa takriban miaka 35, basi, wananchi walirekebisha saa zao kwa kutazama ukutani mwa stesheni ilhali hakuna sheria ya taifa iliyowalazimisha.

Nafasi hii ya katikati iliwafungulia wengine milango. Andrew Carnegie alikuwa opereta wa telegrafu kabla ya kuajiriwa na reli ya Pennsylvania mwaka 1853. Baadaye akawa tajiri wa chuma cha pua. Mwaka 1886, Richard Sears, wakala wa stesheni ya North Redwood, Minnesota, alinunua shehena ya saa iliyokuwa imekataliwa na mfanyabiashara wa hapo, kisha akaziuza kwa mawakala wenzake kwenye reli. Biashara hiyo ndiyo iliyokua ikawa kampuni mashuhuri ya Sears. Hata hivyo, hawa walikuwa wachache. Wengi walianza kazi dawatini na kustaafu dawatini.

Amri ya treni: maandishi yaliyobeba uhai

Kiini cha kazi ya opereta wa reli kilikuwa amri ya treni. Mratibu wa treni, aliyeketi katika makao ya tarafa akiwa na daftari kubwa mbele yake, alihitaji kubadilisha mpango uliowekwa na ratiba. Aliwaita maopereta wa stesheni zilizohusika na kuwatumia maneno ya amri. Kila opereta aliyaandika kwa kalamu ngumu juu ya karatasi nyembamba zilizotenganishwa kwa kaboni, ili nakala kadhaa zipatikane kwa mara moja. Kisha kila mmoja aliyarudia maneno yote kwa mratibu, neno kwa neno, huku mratibu akipiga mstari chini ya kila neno katika daftari lake. Ni baada ya marudio hayo kulingana ndipo alipotoa idhini na saa ya idhini. Amri isiyorudiwa haikuwa amri.

Kulikuwa na fomu mbili kuu. Fomu ya 31 ilidai sahihi ya kondakta, kwa hivyo garimoshi lilisimama. Fomu ya 19 haikudai sahihi. Ilikabidhiwa garimoshi likiwa mwendoni. Opereta aliifunga karatasi kwenye pete kubwa ya mwanzi yenye mkono mrefu, akasimama kando kabisa ya reli na kuiinua juu. Msaidizi wa dereva alichomeka mkono wake ndani ya pete, akachomoa karatasi na kuitupa pete chini. Opereta aliinua pete ya pili kwa ajili ya wahudumu wa behewa la nyuma. Kazi hii ilifanywa mchana na usiku, katika mvua na theluji, umbali wa hatua moja au mbili kutoka kwa magurudumu. Garimoshi likishapita, opereta alirudi mezani na kumwarifu mratibu saa lilipopita.

Ni rahisi kuona palipokuwa na hatari. Tarakimu moja ya namba ya garimoshi, jina moja la stesheni, au ishara ya mkono wa chuma iliyosahauliwa katika hali ya "pita" ilitosha kuyakutanisha magarimoshi mawili katika njia moja. Waswahili wasemapo kuwa kujikwaa ulimi ni kubaya kuliko kujikwaa dole, husema kwa tamathali. Kwa opereta wa reli haikuwa tamathali.

Tarehe 9 Julai 1918, karibu na Nashville, Tennessee, magarimoshi mawili ya abiria yaligongana ana kwa ana. Lililokuwa likitoka mjini lilipaswa kulisubiri jingine kabla ya kuingia katika sehemu ya njia moja, lakini wahudumu wake waliamini kuwa lilikuwa limekwisha kuwapita. Opereta wa mnara wa ishara aliwaonyesha ishara ya kupita. Alipoanza kuandika daftarini ndipo alipogundua kwamba hapakuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha kuwa garimoshi la pili lilikuwa limepita. Alimwarifu mratibu, naye akamuuliza iwapo angeweza kulisimamisha. King'ora cha dharura kilipigwa, ila hakuna aliyekisikia. Taarifa rasmi ilihesabu watu 101 waliofariki, wengi wao Wamarekani Weusi. Wachunguzi waliwalaumu hasa wahudumu wa garimoshi. Daftari la opereta lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba lilisomwa baada ya ishara kutolewa, si kabla.

Lugha ya waya

Kwa mwanafunzi wa isimu, telegrafu ya reli ni uwanja wenye mengi. Kwanza, Morse alikusudia alama zichorwe kwenye utepe wa karatasi na kusomwa kwa macho. Maopereta waligundua mapema kwamba sikio lilikuwa jepesi kuliko jicho. Waliacha utepe na kusikiliza milio ya chuma, wakaandika maneno moja kwa moja. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya maandishi ukageuka kuwa wa usikizi.

Pili, reli za Marekani ziliendelea kutumia msimbo wa awali wa Morse hata baada ya mataifa mengine kukubaliana juu ya msimbo wa kimataifa. Katika ule wa Marekani, baadhi ya herufi, kama vile C, O na R, zilikuwa na kimya kifupi ndani yake. Kimya kilikuwa sehemu ya herufi. Opereta aliyekosea urefu wa kimya hicho alibadilisha maana.

Tatu, kulizuka rejista maalumu. Namba zilisimama badala ya vifungu vya maneno: 73 ilikuwa salamu za heri, nayo 30 ilikuwa mwisho wa ujumbe. Namba hiyo ya 30 ilihamia katika uandishi wa habari, ambako wanahabari wa Marekani waliiandika mwishoni mwa taarifa zao. Kila opereta alikuwa na saini ya herufi moja au mbili, na mwendo wa mkono wake ulitambulika kama sauti. Watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi bila kuonana waliweza kujua, kwa kusikiliza mipigo michache tu, ni nani aliyekuwa upande wa pili.

Mkono huo uliumia. Kurudia mwendo mmoja mara maelfu kwa siku kulileta maumivu na kupooza kwa kifundo. Kifaa kilichobuniwa na Horace Martin mwaka 1904, ambacho kilizalisha nukta chenyewe kikisukumwa kando, kilipunguza adha hiyo. Maopereta wengi walikinunua kwa fedha zao wenyewe.

Ni nani aliyeruhusiwa kuketi dawatini?

Ufundi huu haukufundishwa tu vyuoni. Vijana wengi walijifunza kwa kukaa karibu na wakala, wakimfagilia stesheni huku wakisikiliza. Mwaka 1862 Thomas Edison, akiwa kijana mwuza magazeti garimoshini, alimwokoa mtoto wa wakala wa Mount Clemens, Michigan, asikanyagwe na behewa. Baba wa mtoto alimlipa kwa kumfundisha telegrafu. Mwaka uliofuata Edison alikuwa opereta wa zamu ya usiku huko Stratford, Kanada. Maopereta wa usiku walitakiwa kutuma ishara kila saa kuthibitisha kuwa wako macho. Yeye alitengeneza chombo cha kuituma kwa niaba yake, akalala. Kisa hiki huchekesha, lakini kinadokeza pia uchovu uliozizunguka zamu hizo.

Wanawake waliingia katika kazi hii mapema kuliko katika kazi nyingi za ofisini. Mashuhuri miongoni mwao ni Kate Shelley wa Iowa. Usiku wa tarehe 6 Julai 1881, akiwa bado msichana, alitambaa gizani juu ya daraja refu la mto Des Moines ili kufika stesheni ya Moingona na kutoa habari kuwa daraja jingine lilikuwa limesombwa na mafuriko. Mwaka 1903 aliajiriwa kuwa wakala wa stesheni hiyo hiyo ya Moingona. Alifariki mwaka 1912.

Mlango huo haukufunguliwa kwa wote. Wamarekani Weusi walizuiliwa kwa kiasi kikubwa kushika kazi za telegrafu ya reli, ijapokuwa walijenga njia zenyewe na kuwahudumia abiria mabehewani. Kinaya cha hali hii kinadhihirishwa na Granville Woods, mvumbuzi Mmarekani Mweusi, aliyepata hataza mwaka 1887 ya telegrafu iliyowezesha mawasiliano baina ya stesheni na garimoshi likiwa mwendoni. Edison alidai kuwa ndiye mvumbuzi wa kwanza, Woods akashinda.

Saa za kazi na mapambano ya haki

Zamu ya saa 12 ilikuwa jambo la kawaida, na wakala aliyeishi stesheni aliweza kuamshwa saa yoyote. Mwezi Juni 1886, maopereta walianzisha chama chao cha wafanyakazi huko Cedar Rapids, Iowa. Mojawapo ya madai ya wafanyakazi wa fani hii lilikuwa kupunguzwa kwa saa. Hoja yao haikuwa ya starehe tu. Opereta aliyesinzia hakujiumiza yeye peke yake.

Sheria ya mwaka 1907 iliitikia hoja hiyo. Iliweka kikomo cha saa 9 kwa kila saa 24 kwa maopereta wa amri za treni katika ofisi zilizofanya kazi usiku na mchana, na saa 13 katika ofisi za mchana pekee. Sheria hiyo ilikiri jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wakilisema kwa muda mrefu: kwamba uchovu wa karani mmoja ni hatari kwa umma. Hata hivyo, saa 13 bado zilikuwa saa 13.

Kutoweka kwa kazi

Mwaka huo huo wa 1907, kampuni za reli zilianza kutumia simu ya kuzungumza kutoa amri za treni. Ujuzi wa Morse, uliochukua miezi au miaka kuupata, ukaanza kupoteza thamani. Mwaka 1927 mfumo wa kuongoza ishara na njia za kupishana kutoka chumba kimoja ulianza kutumika katika jimbo la Ohio. Mratibu sasa aliweza kulielekeza garimoshi bila mtu kusimama kando ya reli. Barabara na malori nayo yaliwanyang'anya mawakala abiria na mizigo.

Mgogoro mkubwa ulizuka katika kampuni ya Chicago na North Western. Katika miaka ya 1950 kampuni hiyo ilitaka wakala mmoja ahudumie stesheni kadhaa, ikidai kuwa katika stesheni nyingi ndogo kazi iliyobaki ilichukua sehemu ndogo tu ya siku. Chama cha maopereta kilidai kwamba nafasi yoyote isifutwe bila makubaliano. Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba madai hayo yalikuwa suala halali la majadiliano ya kazi, na kwamba mgomo juu yake haungeweza kuzuiwa kwa amri ya mahakama. Mwaka 1962 mgomo wa takriban mwezi mmoja uliisimamisha kampuni hiyo.

Mgala muue na haki umpe: kampuni haikusema uongo kuhusu upungufu wa kazi. Lakini chama nacho hakikuomba huruma. Kilihoji ni nani anayepaswa kubeba gharama ya mabadiliko: mwenye mtambo pekee, au mtu aliyeutumikia mtambo uliotangulia kwa miaka 30? Ushindi wa mahakamani haukuzuia kufungwa kwa stesheni. Uliwapa tu wafanyakazi nafasi ya kuketi mezani wakati suala lao likijadiliwa. Katika miaka ya 1980, mawasiliano ya redio ya moja kwa moja baina ya mratibu na dereva yalichukua nafasi ya amri za karatasi katika reli nyingi. Nayo kampuni ya Western Union, iliyowahi kutumia madawati ya stesheni kote nchini, ilisitisha huduma ya telegramu tarehe 27 Januari 2006.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kazi ya wakala na opereta ilihusu mengi kuliko tiketi na mipigo ya waya. Iliunganisha uandishi, usikizi na uaminifu kwa namna ambayo kosa la lugha liliweza kuwa kosa la jinai. Kanuni ya kurudia amri neno kwa neno kabla ya kuitekeleza haikufa pamoja na telegrafu. Marubani na waongozaji wa ndege hurudiana maagizo vivyo hivyo, na wahudumu wa afya hufunzwa kuyarudia maagizo ya dawa yanayotolewa kwa mdomo.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, somo lililopo ni la moja kwa moja. Maelekezo ya usalama barabarani, viwandani na hospitalini yanazidi kuandikwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mara nyingi huchukuliwa kuwa kazi ndogo isiyohitaji mjuzi. Historia ya opereta wa reli inaonyesha vinginevyo. Anayeandika agizo ambalo mtu mwingine atalitii bila kuliuliza swali ameshika dhamana ya maisha. Anastahili kufunzwa ipasavyo, kupumzishwa ipasavyo na kulipwa ipasavyo.